Barcelona na Enanga: Uhakiki wa Albamu ya Freddie Mercury na Montserrat Caballé

Neno nanga lina maskani mawili katika Afrika ya Mashariki, na maskani hayo hayana udugu. Katika pwani nanga ni chuma kishikacho chombo kisichukuliwe na maji, nalo ni neno lililokuja kwa njia ya bahari kutoka Kiajemi. Katika nchi za maziwa makuu ni ala ya muziki yenye nyuzi: Wanyarwanda na Warundi huiita inanga, Waganda hulitumia neno ennanga kwa ala ya umbo jingine, na Wanyambo wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, pamoja na Wahaya walio jirani zao upande wa mashariki, husema enanga. Mwenye kupenda kufuatia asili ya maneno asijitaabishe kuyatafutia ukoo mmoja maneno hayo mawili. Yamekutana masikioni tu.

Kukutana kwa namna hiyo, kwa sikio bila ya udugu, kwafaa kukumbukwa mtu aisikilizapo albamu iitwayo Barcelona, iliyotolewa mwezi wa Oktoba mwaka 1988 na Freddie Mercury pamoja na Montserrat Caballé. Mercury alizaliwa katika Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa nyumba ya Waparsi, watu ambao wazee wao walitoka Uajemi wakahamia India katika zama za kale. Alisomeshwa Panchgani nchini India, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akahamia Uingereza pamoja na wazazi wake. Jina lake lilivuma kwa bendi ya Queen, iliyoanzishwa London mwaka 1970. Caballé alizaliwa Barcelona mwaka 1933, akafunzwa uimbaji katika mji huo huo, na sifa yake ikaenea ulimwenguni baada ya usiku mmoja wa mwaka 1965 huko New York, alipoimba Lucrezia Borgia ya Donizetti badala ya mwimbaji mwingine. Yeye alikuwa mtu wa opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa pamoja na okestra. Mercury alikuwa mtunzi wa nyimbo za vijana, zile ziuzwazo kwa santuri na kuimbwa na umati wa watu uwanjani. Watu wawili hawa walikaa katika albamu moja yenye nyimbo nane, na jambo la kuhakikiwa ni kama walikutana kweli au walisimama bega kwa bega tu kama watu wanaopigwa picha.

Huenda msomaji akauliza Karagwe na Kyerwa zaingiaje hapa. Zaingia kwa sababu swali hilo hilo li hai katika wilaya hizo, na hao waliomo ndani yake hawana Caballé wala Mercury wa kuwaamulia. John Hanning Speke, alipofika Karagwe mwezi wa Novemba mwaka 1861 akapokewa na mfalme Rumanyika, aliikuta nchi yenye sanaa ya ikulu iliyokomaa, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliitaja enanga miongoni mwa ala alizozisikia huko. Enanga ni ubao uliochimbwa ukawa kama sinia refu. Juu yake hutandikwa nyuzi chache, aghalabu saba au nane, ambazo kwa hakika ni uzi mmoja mrefu uendao na kurudi. Sauti yake ni ndogo. Haishindani na ngoma, wala haiwezi kusikika kiwanjani. Yataka chumba, na watu waliokaa karibu, na kimya. Kwa ala hiyo huimbwa habari za mashujaa na wafalme, tungo ndefu ambazo M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya enanga za Wahaya, alizithibitisha kuwa ni utendi kamili, akiwajibu wale waliodai kwamba Afrika haina utendi. Rukiza na Mugasha ni majina mawili tu katika hazina hiyo.

Sanaa ya namna hii ilikuwa na mlezi wake, naye ni mfalme. Utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, mwimba enanga alibaki na ala yake bila ya baraza la kuimbia. Tangu hapo wilaya hizi, ambazo zilikuwa moja hata Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, zimejaa sauti nyingine: kwaya za makanisa zenye sauti nne, vinanda vya umeme, na nyimbo za bongo fleva zitokazo Dar es Salaam kwa redio na simu. Enanga haikufa, lakini kila mara atokeapo mtu akasema iokolewe, dawa itajwayo kwanza ni kuichanganya na muziki wa vijana. Dawa hiyo yaweza kuwa njema. Yaweza pia kuwa ni mazishi yenye shangwe. Basi ni vema kutazama mahali ambapo mchanganyiko wa sanaa ya ikulu na sanaa ya umati umekwisha kufanywa, na watu wawili walioijua kila mmoja sanaa yake hata mwisho, na kupima kilichopatikana.

Kabla ya kupima, yafaa kutengeneza mizani ya maneno, maana Kiswahili kina fedha nyingi hapa kuliko kinavyodhaniwa. Kuna mtunzi na kuna mwimbaji, na lugha yenyewe hailazimishi wawe mtu mmoja. Kuna manju, ambaye huongoza ngoma, hutunga na kuimba kwa pamoja. Kuna malenga, ambaye sifa yake ni utunzi hata kama husikika akighani. Mpiga enanga, omuteezi w'enanga, ni zaidi ya hao wote kwa jambo moja: yeye hutunga, huimba, hupiga, na wimbo wenyewe huuumba upya mbele ya wasikilizaji, akirefusha hapa na kufupisha pale kwa kadiri ya waliohudhuria. Mwimbaji wa opera ni kinyume chake kabisa. Hatungi. Maisha yake yote hubeba tungo za watu waliokufa, Bellini na Verdi na Donizetti, na heshima yake ni kuzibeba bila ya kumwaga hata tone. Hivyo Mercury, ijapokuwa alikuwa mtu wa santuri na taa za jukwaani, kwa mizani hii alikuwa karibu zaidi na manju, na mpiga enanga angalimtambua mapema kuliko ambavyo angalimtambua Caballé. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo Karagwe yaweza kulionyesha na ambalo msikilizaji wa Ulaya hulipita: tofauti kubwa katika albamu hii si baina ya sauti ya juu na sauti ya chini, wala baina ya sanaa ya wakubwa na sanaa ya wadogo, bali ni baina ya mtu aliyezoea kuumba na mtu aliyezoea kuhifadhi.

Namna albamu ilivyoanza yathibitisha hayo. Mercury alikuwa amemsikia Caballé katika jumba la opera la Covent Garden mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1986 alisema katika televisheni ya Hispania kuwa hakuna sauti aipendayo kuliko yake. Mwezi wa Machi mwaka 1987 walikutana katika hoteli moja ya Barcelona. Mercury hakwenda mikono mitupu wala hakwenda na maneno matupu. Alichukua kanda, na Mike Moran, mpiga piano aliyekuwa mwenzake katika kazi yote hii, alikuwa pamoja naye. Katika kanda hiyo mlikuwa na utungo usio na maneno, Exercises in Free Love, ambao Mercury aliuimba kwa sauti nyembamba ya kichwani, akiigiza sauti ya mwanamke wa opera. Mwisho wa mwezi huo huo Caballé aliuimba mbele ya watu huko London.

Jambo hili latakiwa kuangaliwa kwa makini, maana ndilo roho ya kazi yote. Mtunzi alikwenda kwa mwimbaji akiwa amekwisha kujaribu kuvaa koo la mwimbaji. Hakumpelekea wimbo wake wa zamani ili auimbe upya na kuupa heshima; wala hakumwomba ashuke aimbe kama wasichana wa santuri. Katika miezi iliyofuata aliendelea kwa njia hiyo hiyo: sehemu za Caballé alizirekodi kwanza yeye mwenyewe kwa sauti ile nyembamba, ili mwenziwe azisikie zinavyopanda na kushuka, kisha Caballé akaziondoa sauti za kuazima na kuweka yake. Baadhi ya kanda hizo za majaribio zilitolewa mwaka 2000, baada ya Mercury kufariki, na ni somo zuri kwa mwanafunzi yeyote wa utunzi. Sauti ya Mercury humo si nzuri. Yakwama, yapasuka, mara nyingine yachekesha. Lakini kila kipande kimekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Utungo ule usio na maneno uliingia katika albamu kwa jina la Ensueño, na huu ndio ushindi wa albamu nzima, ijapokuwa ni wimbo ambao watu wengi huupita wakikimbilia ule wenye jina la mji. Caballé aliutia maneno ya Kihispania, na jina lake limeandikwa miongoni mwa watunzi pamoja na Mercury na Moran. Tafsiri ya jambo hilo ni kubwa. Mwanamke ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alibeba tungo za wengine alivuka akaingia upande wa utunzi; na mtunzi, ambaye katika kanda ya kwanza aliimba sauti ya mwanamke, hapa amerudi chini akaimba kwa sauti yake ya kiume, nzito na tulivu, ambayo katika santuri za Queen haisikiki mara nyingi. Wamebadilishana viti. Ala kuu ni piano, nayo haikimbizi mtu. Mahali ambapo Caballé hupanda juu kisha kuipunguza sauti hata ikawa uzi, jambo alilosifiwa nalo duniani kote, hapana kitu kinachoufunika uzi huo. Mtu aliyezoea kusikiliza enanga ataikuta hapa hali aijuayo: koo liko mbele, nyuzi ziko nyuma, na kimya ni sehemu ya wimbo.

Wimbo wa Barcelona wenyewe ni habari nyingine. Ulitolewa kwanza peke yake mwezi wa Oktoba mwaka 1987, ukafika nafasi ya nane katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Na mwaka 1992, wakati wa michezo ya Olimpiki iliyofanyika katika mji huo, na Mercury amekwisha kufa, ukapanda hata nafasi ya pili. Ni wimbo wa sifa, na kwa hiyo ndugu zake wa Kiafrika si wachache: ni sifa ya mji na ni sifa ya siku ya kukutana. Kihispania na Kiingereza hupokezana humo, kengele hulia, ngoma kubwa huingia, na sauti mbili hupanda pamoja kama watu wawili wanaogombea ngazi moja. Walio wengi huupenda kwa ajili hiyo hiyo. Lakini sikio litulialo litaona kuwa mwishoni sauti hizo zinashindana na mtambo, si moja na nyingine. Mwimbaji wa opera hufunzwa miaka mingi ili sauti yake ivuke okestra nzima bila ya kipaza sauti; mwimbaji wa santuri hufunzwa na kipaza sauti chenyewe, ambacho humruhusu kunong'ona na kusikika. Katika chumba cha kurekodia, nguvu ile ya kwanza haina kazi, kwa kuwa fundi aweza kumfanya mbu asikike kama ndovu kwa kugeuza kifundo kimoja. Hivyo Caballé apigapo ukelele katika wimbo huu, mshindo wake umepunguzwa na fundi. Na Mercury ajitutumuapo ili amfikie, amejitutumua bure, kwa kuwa wamekwisha kulinganishwa. Uimbaji ulio mkubwa jukwaani umekuwa mapambo tu.

Nyimbo nyingine hazilingani kwa daraja. La Japonaise, iliyoimbwa kwa Kijapani na Kiingereza, ni heshima kwa nchi iliyompenda sana Mercury, nayo ina mahali pazuri. Lakini lugha hapo imewekwa kama ua kifuani pa koti. Hapana mmoja wa waimbaji hao aliyezaliwa katika Kijapani, na hilo lasikika: vokali zimetamkwa kwa adabu, lakini uzito haukujua mahali pa kukaa. The Fallen Priest, ambao Tim Rice alishiriki kuutunga maneno yake, ndio ulio karibu zaidi na opera, maana una visa na wahusika, kasisi aliyenaswa baina ya kiapo na mapenzi. Mercury amejitupa humo kwa moyo wote, na ni wimbo ambao haukutendewa haki na waliouona kuwa ni mzaha. Katika The Golden Boy, ulio na maneno ya Rice vilevile, kwaya ya mtindo wa makanisa ya Wamarekani weusi huingia na kuwaokoa wote wawili. Msikilizaji wa Karagwe, ambaye ameijua kwaya tangu utotoni, hahitaji kuelezwa kilichotokea: waimbaji wawili mashuhuri walikuwa wameanza kuchoshana, ikabidi waitwe waumini. Juu ya Overture Piccante hapana haja ya kusema mengi. Ni vipande vya nyimbo zilizotangulia vilivyoshonwa tena, na mshono waonekana.

Aibu kubwa ya albamu ni okestra yake. Palipostahili kuwapo wapiga fidla na tarumbeta, kwa sehemu kubwa mna kinanda cha umeme alichopiga Moran, kikiigiza okestra. Moran alikuwa fundi stadi, na bila yake kazi hii isingalikuwapo. Tena ni kweli kuwa muziki wa miaka ile ulikuwa umelewa vyombo vya namna hiyo. Lakini kinanda kinachoigiza fidla mia hakipumui, na mwimbaji wa opera huimba kwa pumzi za watu walio shimoni mbele yake, wakimngojea anapokawia na kumfuata anapoharakisha. Kinanda cha siku zile kilipimwa kwa saa. Kinachosikika mara nyingi ni koo lililo huru likitembea juu ya reli.

Kasoro hii ilitambuliwa na warithi wa kazi, na mwaka 2012 albamu ilitolewa upya ikiwa na okestra halisi iliyorekodiwa Prague, kwa mipango ya muziki ya Stuart Morley. Sauti za waimbaji ni zile zile za zamani. Kilichobadilishwa ni vazi. Faida yake ni wazi katika wimbo wa Barcelona, ambao sasa una kina, na katika The Fallen Priest. Walakini toleo hilo limefichua jambo ambalo okestra haiwezi kulitengeneza: wapigaji wa mwaka 2012 wamelazimika kuwafuata watu waliokwisha kuimba kwa kufuata kinanda. Reli zimeng'olewa, lakini hatua zimebaki za mtu aliyetembea juu ya reli. Ni katika Ensueño peke yake, ambamo tangu mwanzo mlikuwa na piano na subira, ndipo hapakuwa na haja ya matengenezo yoyote.

Na hapa ndipo waipendao enanga katika Karagwe na Kyerwa hupata onyo lililo wazi kuliko yote. Kinanda cha umeme ndicho chombo cha kwanza kinachofikiriwa mtu atakapo kuirekodi enanga kwa ajili ya vijana; kipo makanisani, kipo katika vyumba vya kurekodia, kina ngoma ndani yake. Kikiwekwa chini ya enanga, yule mwimbaji aliyezoea kuurefusha mstari kwa sababu amemwona mzee mmoja akiinamisha kichwa hataweza tena kuurefusha. Ikiwa mtu wa opera, ambaye tungo zake zimeandikwa na haziongezwi wala kupunguzwa, aliumizwa na saa ya kinanda, sembuse mpiga enanga, ambaye wimbo wake haujakwisha kutungwa mpaka auimbe!

Nyimbo mbili zilizo karibu na mwisho, Guide Me Home na How Can I Go On, huimbwa kama wimbo mmoja, wa kwanza ukimwagikia ndani ya wa pili. John Deacon wa Queen amepiga gitaa la besi katika huo wa pili. Hapa wametulia. Caballé hapigi ukelele, Mercury hajitutumui, na kipaza sauti kimerudi kwenye kazi yake iliyo njema, yaani kusikilizisha kilicho kidogo. Ni desturi ya watu kuusoma wimbo huu kwa nuru ya kifo cha Mercury, aliyefariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi ya ukimwi, na kuudhania kuwa wasia. Mhakiki hapaswi kukimbilia hapo. Wimbo ni wimbo kabla ya kuwa hati ya hospitali. Lakini si haki vilevile kuwakataza watu wa Kagera wasiusikie hivyo. Ni katika mkoa wao ndimo wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walipotambuliwa Tanzania, mwaka 1983, na katika miaka ile ile ambayo albamu hii ilikuwa ikirekodiwa London, vijiji vya mkoa huo vilikuwa vikizika. Sanaa ipokewayo kwa mdomo yataka mfunzi na mwanafunzi wawe hai wakati mmoja. Ulizo lililomo katika jina la wimbo huo, la mtu asiyejua aendeleeje, si pambo katika nchi ambayo mnyororo wa namna hiyo ulikatwa mahali pengi.

Uko mfano wa karibu zaidi wa sauti ya Kagera kukutana na mtunzi wa vijana, na ni vema ulinganishwe. Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba, alivuma Tanzania nzima mwaka 2001 kwa Maria Salome, wimbo wa Kihaya ambao wengi huuita Chambua Kama Karanga. Yeye si mtu wa enanga. Ni mtu wa ngoma, na watu wasiojua neno la Kihaya walimcheza harusini. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, pamoja na Rayvanny, alitoa Salome, wimbo uliosimama juu ya ule wa Saida ukiwa na maneno mapya. Ni wimbo uliotengenezwa kwa ustadi, na ulimrudisha Saida midomoni mwa watu. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alitoa Orugambo. Lakini kwa mizani ya Mercury na Caballé hapo hapakuwa na kukutana. Waliopewa nafasi ya kuimba ni vijana wawili, na koo lililouzaa wimbo halikutungiwa kitu. Mtunzi alichukua jiwe kutoka kilimani akajengea nyumba yake tambarare, na nyumba ni nzuri. Mercury alipanda kilima akaomba kujenga huko huko. Tofauti hiyo haihusu fedha wala ruhusa. Yahusu nani alisikilizwa wakati wa kutunga.

Na kutungia koo la enanga ni kazi ngumu kuliko kulitungia koo la Caballé, kwa sababu ya lugha. Runyambo, kama Kihaya, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, jambo ambalo Kiswahili hakina. Wataalamu wa isimu, miongoni mwao J. M. Rugemalira, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1993 ilichambua vitenzi vya Runyambo, wameiweka lugha hii wazi mbele ya wasomi; watunzi bado hawajaitumia elimu hiyo. Atungaye kwa Kiswahili aweza kuandika lahani kwanza na kumimina maneno baadaye, kama Diamond alivyofanya kwa lahani aliyoikuta. Atungaye kwa Runyambo hana uhuru kamili wa namna hiyo, maana lahani na neno huvutana. Mtu akiichukua lahani ya enanga akaimimina maneno ya Kiswahili, lahani itabaki, lakini sababu ya lahani kupanda mahali pale itakuwa imeondoka. Msikilizaji wa Kayanga au Nkwenda ataisikia kama mtu aonaye nguo ya marehemu imevaliwa na mgeni. Caballé alipoutia Ensueño maneno hakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa utungo ulizaliwa bila ya neno lolote, na Kihispania hakidai toni. Njia iliyokuwa nyepesi kwake ni nzito kwa Wanyambo, na yeyote atakayewashauri waifuate Barcelona bila ya kutaja jambo hilo atakuwa amewapa ramani ya nchi nyingine.

Lakini hatua ile ya kwanza, ya mtunzi kujaribu kuvaa koo la mwenziwe, yawezekana hata huku. Mtunzi wa bongo fleva atakayetaka kurekodi na mwimba enanga wa Kyerwa ajifunze kwanza kuimba kwa Runyambo, vibaya kama Mercury alivyoimba vibaya sauti ya Caballé, ampelekee mzee kanda hiyo, na akubali kuchekwa. Kisha aangalie mzee anavyokaza nyuzi. Hazikazi kwa kufuata piano. Huzikaza kwa kulifuata koo lake mwenyewe, kama lilivyoamka siku hiyo. Kinanda cha umeme hutoka kiwandani kimekwisha kupangwa, ingawa vinanda vingi vya siku hizi vyaweza kupangwa upya, sauti kwa sauti, na mtu mwenye subira. Basi kazi ya kwanza katika chumba hicho cha kurekodia ingalikuwa ya mpiga kinanda, akae kimya, kifaa chake magotini, mpaka uzi wa mwisho wa enanga uwe umekazwa, ndipo aanze kukipanga chake.